Ndugu wakisema "dokta usimwambie mgonjwa", nimtii nani? (Uzi mrefu, naomba msome mpaka chini)

DaktariWaZamu

Wakuu habari za usiku. Mi ni daktari, huu mwaka wa kumi na moja kazini, nilianzia hospitali ya wilaya sasa hivi niko ya mkoa, kanda ya kati, wapi hasa sitataja. Humu huwa nasoma tu sichangii ila leo nimetoka zamu na kuna kitu kimenikaa kifuani tangu mwaka juzi, nimeona nikiandike huenda kikamsaidia mtu, awe daktari mwenzangu au ndugu wa mgonjwa.

Pale mapokezi kwetu kuna bango la haki za mgonjwa. Haki ya kujua ugonjwa wake, haki ya kukubali au kukataa matibabu, haki ya kutunziwa siri, yote yameandikwa kwa Kiswahili kizuri kabisa na hakuna daktari anayeyapinga. Shida inaanza ukishalipita lile bango ukaingia chumba cha daktari na mgonjwa wako ana watoto wanne nyuma yake, na mmoja wao ndo anayelipa kila kitu.

Alikuja mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, mkulima na mfugaji. Tatizo lake chakula hakipiti. Alinieleza kwa mpangilio kama anasimulia safari: kwanza ugali ukawa unakwama mpaka ashushie na maji, baadae wali nao, baadae akabaki na uji, na siku anakuja kwangu hata uji inabidi ameze taratibu akiwa amenyoosha shingo. Alikuwa na chupa ndogo ya chai ile yenye maua imejaa uji mwepesi na kijiko amekifunga kwenye leso. Suruali ameikaza kwa kamba maana mkanda ulishaisha matundu. Daktari yeyote wa huku kwetu akisikia hivo anajua anachokiogopa, saratani ya umio (koo la chakula) ni nyingi sana ukanda huu wa Afrika mashariki na wengi wanatufikia wakati imeshaziba.

Tukampa rufaa hospitali ya kanda, wakamuingiza kamera wakachukua kinyama, majibu yakarudi kwangu. Ni saratani.

Siku ya majibu kabla sijamuita mzee akaingia mtoto wake mkubwa peke yake, kijana wa heshima tu, ametoka Dar usiku kucha kwenye basi. Akafunga mlango. "Dokta naomba unisaidie kama baba yako. Mzee ana presha, ukimtamkia kansa tunamzika wiki hii. Mwambie ana kidonda." Alikuwa analia wakuu. Na ndo yeye aliyelipia kamera, aliyelipia kinyama, ndo atakayelipa nauli na malazi Dar.

Nikakubali. Mzee akaingia, akakaa, akavua kofia, nikamwambia ana kidonda kwenye koo na tunampeleka Dar kwa wataalamu zaidi. Akauliza, Dar hospitali gani? Nikasema Ocean Road. Akanyamaza kidogo, akaniangalia, akasema "Ocean Road si ndo wanakopelekwa watu wa kansa?" Mi badala ya kumjibu nikamtazama mtoto wake. Mtoto akasema hapana baba, siku hizi wanatibu kila kitu pale.

Mzee akavaa kofia akasema sawa. Hakuniuliza tena kitu siku ile, na nadhani aliacha kuniamini palepale kwenye kiti.

Miezi minne baadae karudishwa kwetu. Mionzi alipata kidogo, wakamuwekea kibomba cha kupanua njia uji upite, lakini ugonjwa ulishatembea. Sauti ilikuwa imepotea, kwa ugonjwa ule hutokea kwa sababu mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita jirani kabisa na umio. Anaongea kwa kunong'ona na akinong'ona sana anakohoa. Usiku mmoja niko zamu akanipungia mkono. Akaninong'oneza kwamba ana ng'ombe kwa watu wanne, aliwakabidhi kwa mdomo tu, hakuna karatasi wala shahidi, mkewe hajui na watoto hawajui. "Nilikuwa nasubiri nipone nizungukie."

Nikachukua fomu ya maabara nikaigeuza upande wa nyuma nikampa na kalamu. Akaandika jina la kwanza na kijiji. La pili na kijiji. La tatu liliandikwa mwandiko umeshakuwa wa kushuka, likakatikia njiani lakini linasomeka. Akaweka kalamu kifuani akasema ataendelea asubuhi. Asubuhi nilikuwa nimeshakabidhi zamu na yeye hakuwa na nguvu tena ya kushika kitu, alikaa siku mbili akafariki.

Ile karatasi nilimkabidhi mama, mkewe. Akauliza mara mbili, wa nne ni nani?

Sasa naomba niseme ninachoamini maana sijaandika haya ili mnihurumie. Mi siwalaumu ndugu. Kwenye hospitali zetu ndugu ndo nesi wa pili, ndo anayemgeuza mgonjwa, anayekimbia kununua dawa ambayo dirishani haipo, anayelala kwenye mkeka chini ya mwembe wiki tatu. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo "hii haikuhusu". Lakini ugonjwa ni wa mwenye mwili. Akitaka asijue ni haki yake pia, wapo wazee wanakwambia kabisa "mwambie huyu kijana, mi nipe dawa tu", na hapo daktari unamweleza kijana na dhamiri yako safi, kwa sababu mwenye siri ndo kaitoa. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza mzee. Nilimruhusu mtoto aamue haki ambayo haikuwa yake kuiamua.

Na lile la "ukimwambia atakufa kwa mshtuko" kwa miaka yangu kazini sijaliona. Nimeona watu wanalia, wananyamaza siku mbili, wanakasirika, wananikatalia kabisa, lakini ninachokutana nacho zaidi ni mgonjwa ambaye alishajua kitambo ila anawaficha ndugu zake kwamba anajua ili wasiumie. Nyumba nzima wanafichana kitu kimoja.

Karibuni tujadili, hasa mliopitia.

Ngosha_wa_Isamilo

Dokta pole ila mi nakupinga na nakupinga kwa machungu. Baba yangu aliambiwa. Daktari kijana tu, wako wamesimama watu kama nane kitandani, wanafunzi na manesi, mgonjwa wa kitanda cha pili anasikiliza, anasema "mzee una kansa ya ini imeshasambaa, hapa hatuna cha kufanya zaidi" akafunga faili akaenda kitanda kingine. Ilikuwa ijumaa. Baba hakula tena. Jumatano tulikuwa makaburini. Usiniambie watu hawafi kwa maneno. Hayo mambo ya haki ya kujua ni ya wazungu, huko mtu anaishi peke yake na paka, huku mgonjwa ni wa ukoo na ukoo ndo unaojua nini cha kumwambia na wakati gani.

DaktariWaZamu

Mkuu pole sana kwa mzee, na nakuomba radhi kwa niaba ya taaluma yangu maana ulichokieleza hapo ni ukatili. Siwezi kuandika chochote kitakachoutetea.

Ila naomba tutenganishe vitu viwili. Baba yako alinyimwa haki mbili siku ile kwa pamoja. Siri yake ilitangazwa wodini, na akaachwa peke yake na habari nzito bila mtu wa kukaa nae. Habari ya namna hiyo inatolewa mkiwa mmekaa, mlango umefungwa, simu imezimwa, na unaanza kwa kumuuliza yeye anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake. Halafu hakuna kitu kinaitwa "hatuna cha kufanya". Maumivu yanatibika. Ipo mofini ya kunywa, Uganda wameanza kuitumia kwa wagonjwa wa majumbani tangu 1993 ilipoanzishwa Hospice Africa, na kwetu Ocean Road na baadhi ya hospitali za mikoa na za dini wanayo. Mgonjwa wa ini anaweza akalala usingizi, akala kidogo, akaongea na watoto wake. Hilo baba yako hakuambiwa na lilikuwa kweli kama lilivyokuwa kweli lile la kansa.

Kuhusu wazungu. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Chicago anaitwa Donald Oken aliwauliza madaktari wenzake zaidi ya mia mbili kama huwa wanawaambia wagonjwa kwamba wana kansa. Takriban 9 kati ya 10 walisema kwa kawaida hawasemi. Na sababu walizotoa ni hizihizi zetu, atakata tamaa, atajidhuru, ndugu hawataki. Swali kama hilo lilipoulizwa tena Marekani 1979, 97 kati ya 100 wakasema wanasema. Ni miaka 18 tu. Kwa hiyo kumficha mgonjwa sio utamaduni wa Kiafrika mkuu, hata madaktari wa Marekani walikuwa hivo, na waliobadilika walibadilika baada ya wagonjwa kuanza kudai.



SistaWaLeba

Umegusa pabaya dokta. Naomba nami niseme la leba maana huko hakuna hata muda wa kukaa mkafunga mlango.

Nilikuwa hospitali moja (siitaji) tuna mama mimba ya tatu, mapigo ya mtoto yanashuka, daktari kaamua aende thieta haraka. Mama yuko timamu kabisa, anajibu maswali, anajua hata tarehe. Namletea fomu ya ridhaa asaini, mama mkwe akaishika ile fomu akasema hapana mpaka mume wake akubali, kwenye ukoo wetu hawapasuliwi ovyo. Mume yuko machimboni, simu haipatikani. Tunapiga haipatikani. Na kuna kawaida mbaya sana ya baadhi yetu watumishi, tunaogopa kwamba mama akifa thieta ukoo utatugeukia, kwa hiyo tunasubiri mtu wa kiume aje asaini ili lawama iwe na mwenyewe. Nasema ukweli, tulisubiri. Dakika kama arobaini tumesimama na fomu.

Yule mama katikati ya uchungu akasema kwa sauti "si ni mimi ninayepasuliwa? nileteeni mimi". Hajui kuandika, nikampaka wino akaweka dole gumba, mkono unatetemeka alama ikatoka kama michoro miwili. Mtoto alitoka amechoka sana, tulihangaika nae. Anaishi lakini kutembea alichelewa, shingo ilichelewa, na mi nikimuona kliniki yule mama huwa napita mlango wa nyuma.

Hamna sheria Tanzania inayosema mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu asainiwe na mume. Hamna. Ni mazoea tu na uoga wetu.

wakili_msomi_Dom

Sista asante kwa ujasiri. Niongezee upande wa pili wa fomu hiyohiyo, maana kuna wanawake walisainishwa na bado haikuwa ridhaa. Namibia wanawake watatu wenye VVU walifungwa kizazi wakati wa kujifungua kwa upasuaji. Hospitali zikasema fomu hizi hapa, wamesaini. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Namibia na mwaka 2014 majaji wakasema mwanamke aliye kwenye uchungu, hajaelezwa kwa lugha anayoielewa, hajapewa muda wa kufikiri wala njia nyingine, huyo hajaridhia hata kama sahihi yake ipo. Kwa hiyo madaktari msitegemee karatasi. Karatasi ni ushahidi wa mazungumzo, kama mazungumzo hayakuwepo karatasi inathibitisha nini?

MamaNasra

Na sie tunaosaini bila kusoma je? Mi nilipasuliwa uvimbe nikapewa karatasi ya kiingereza tupu, nesi ananionyesha kwa kidole "hapa na hapa". Nilisaini. Mpaka leo sijui niliandika nini. Naomba serikali hizo fomu ziwe za kiswahili nchi nzima, jambo dogo tu hilo wala halihitaji wafadhili.

DaktariWaZamu

MamaNasra umesema kweli tupu. Kwetu tuna ya Kiswahili lakini nimefanya kazi sehemu ilikuwa kiingereza na hakuna aliyeshangaa.

mshauri_CTC

Wakuu mi nafanya ushauri nasaha kliniki ya CTC, yani ya wenye VVU, na swali la dokta kwetu linageuka. Huko mgonjwa anajua, ndugu hajui, na mgonjwa anakwambia "usimwambie". Na huyo "ndugu" ni mke wake ambaye yuko nje kwenye benchi kaja kumsindikiza akijua anatibiwa typhoid.

Sheria ipo, ya UKIMWI ya mwaka 2008. Inataka majibu yawe siri ya aliyepimwa. Sheria hiyohiyo inamtaka aliyejua ana maambukizi amwambie mwenza wake, na inaruhusu majibu kutolewa kwa mwenza. Na kuambukiza kwa makusudi ni jela miaka 5 mpaka 10. Ukiisoma ofisini unaona imejibu kila kitu. Ukiwa na mtu mbele yako haikusaidii sana, kwa sababu nikimwambia mke leo, kesho wanaume kumi wa mtaa ule hawaji kupima, wameshasikia kwamba pale kliniki wanasema. Na nikinyamaza yule mama anaambukizwa nami najua. Kuna siku nimeenda nyumbani nimeshindwa kula.

Ninachofanya ni kumshikilia mwanaume. Simuachii. Namwambia una wiki mbili umlete mpime pamoja kama ndo mara ya kwanza, mimi nitawapima wote na kuwapa majibu wote, hatajua ulitangulia. Wengi wanakubali hapo maana wanachoogopa zaidi ni lile swali la "umejua lini". Kuna wenzangu wanasema huo ni uongo. Nimelifikiria sana hilo na bado nalifanya. Kwa upande mwingine namsisitizia dozi, maana akimeza ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza kwa kujamiiana, hilo limethibitishwa na limeokoa ndoa nyingi kuliko maneno yangu.

Wagonjwa wangu wagumu ni mabinti. Tangu sheria irekebishwe 2019 mwenye miaka 15 anajipimia bila mzazi kusaini. Nilishampa majibu binti wa kidato cha pili, mama yake anapiga simu kila siku "mwanangu mlimpima nini?" Mama ana haki ya kujua mtoto anaumwa nini, mtoto ana haki ya siri, na dawa zinatakiwa zikae kwenye nyumba ya huyo mama. Mwisho wa yote tulimuita shangazi, binti ndo alimchagua. Shangazi ndo alikaa na mama mtu akamweleza.

DaktariWaZamu

Mshauri hapo kwenye kupima upya pamoja sikubaliani na wewe kabisa, nitakwambia kwa nini. Yule mke siku akijua kwamba ulijua, na mitaa yetu hakuna kisichojulikana, hatamwamini tena mtu yeyote mwenye koti jeupe, kama mzee wangu alivyoacha kuniamini kwenye kiti. Ila la shangazi umenifundisha. Binti ndo alimchagua, hapo ndo penyewe.

mshauri_CTC

Nimekuelewa dokta. Ila wewe mgonjwa wako hamwambukizi mtu. Mimi nikikosea kuna wa pili anaumia ambaye hata faili kwangu hana. Tukubaliane kutokubaliana.

Shahidi_Mnyenyekevu

Mimi ni Shahidi wa Yehova na nimesoma uzi wote kwa makini. Nashukuru daktari anasema mwili ni wa mwenyewe. Sisi tunatembea na kadi inayosema hatutaki damu, nami ninayo kwenye waleti sasa hivi ninavyoandika. Nimewahi kulazwa, daktari akaniambia mbele ya mke wangu "unataka kumwachia huyu mjane kwa ajili ya kadi?" Hakuniuliza ninaelewa nini, wala kama zipo njia nyingine. Je wewe ungenipa damu kwa nguvu nikiwa nimezimia?

DaktariWaZamu

Kaka nakujibu moja kwa moja. Kama wewe ni mtu mzima, nimeiona kadi, na sina sababu ya kuamini kwamba umebadili mawazo, nisingekupa. Ningekupa dripu, madini ya chuma, ningemuita daktari wa upasuaji mwenye mkono mwepesi kuliko wote niwajuao, na ningekaa hapo. Na ukifa ningelia, nakwambia kweli, kwa sababu chupa ya damu ingekuwa iko kwenye friji mita ishirini kutoka ulipolala. Canada kuna daktari alimpa damu mama aliyezimia baada ya ajali huku kadi yake imeonekana, mama akapona, akashtaki, na mwaka 1990 mahakama ya rufaa ya Ontario ikaafiki alipwe dola 20,000. Majaji hawakusema daktari alikuwa mtu mbaya. Walisema mwili haukuwa wake.

Ila mtoto wako wa miaka mitatu sitakusikiliza. Huyo hajachagua dini wala kadi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele, na mzazi hana ruhusa ya kumnyima mtoto matibabu. Nitampa damu kisha nitakuja kukaa na wewe nje, ukitaka kunitukana nitukane. Anayenitesa ni wa miaka kumi na sita ambaye anasema kwa kinywa chake "sitaki", anaeleza kwa nini, na anaeleza vizuri kuliko baba yake. Nilimpata mmoja. Damu ilipanda yenyewe kwa dawa hatukufika huko, lakini siku tatu zile sikulala vizuri, na nikiri kwamba hata leo ukiniletea mwingine sijui mkono wangu utaenda wapi.

Shahidi_Mnyenyekevu

La mtoto sikubaliani nawe na hatutakubaliana. Lakini asante kwa kuniita mtu mzima.

Mkisumu

Nyinyi majirani mnajadili vitu vizuri. Huku Kenya katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema wazi hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, lakini jaribu kufika kesho na ajali bila deposit uone. Na kulikuwa na wale akina mama wawili walizuiliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua juu hawakuwa na pesa ya bili, korti ikasema 2015 hiyo ni kuvunja haki zao. Swali yangu kwa dakitari, wewe ukiambiwa na mhasibu usimruhusu mgonjwa aende nyumbani mpaka alipe, huwa unasaini kutoka ama huwa unanyamaza?

DaktariWaZamu

Ndugu yangu nasaini. Mgonjwa akipona naandika karuhusiwa tarehe ile ile, sio tarehe ya bili kuisha, kisha namwandikia ustawi wa jamii. Zaidi ya hapo geti silishiki mimi. Na kwetu pia kuna la PF3, mtu kachomwa kisu anavuja damu anaulizwa karatasi ya polisi. Mi natibu kwanza, karatasi inafuata, na vijana wangu wa zamu wanajua hivyo. Ila haya ya pesa na polisi yanastahili uzi wake.

binti_wa_Kondoa

Habari zenu. Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi tu. Mama yangu ana uvimbe titi la kushoto, jumatatu anaenda kuchukuliwa kinyama. Mi ndo mtoto wa kwanza na ndo nalipa. Kiukweli nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia daktari pembeni kama yule kaka wa kwenye kisa. Yani nimesoma nikajiona. Sasa dokta nifanyeje? Nikimuuliza mama "unataka kuambiwa?" si ndo nimeshamwambia?

DaktariWaZamu

Dada pole na hongera kwa kuja. Kwanza uvimbe wa titi wengi sio saratani, na ikiwa saratani ikiwahiwa inatibika, kwa hiyo usimzike mama kichwani mwako.

Kuhusu swali lako. Muulize sasa, kabla ya majibu, wakati bado hakuna mtu anayejua kitu. Hapo swali halina uzito wa hukumu. Mi tangu yule mzee nauliza kila mgonjwa siku ya kumtuma vipimo: "Majibu yakija ungependa nikwambie wewe, au wewe na mtu mwingine, au kuna mtu ungependa nimwambie yeye?" Naandika jibu kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe. Inachukua dakika moja. Ndugu wakija kunivuta pembeni nafungua faili nawasomea alichosema, na nimeona hasira zinashuka palepale, maana hapo hawabishani na mimi tena.

Wewe mwambie hivi, "mama, jumatatu ukichukuliwa kipimo, majibu yakitoka unataka daktari akae na nani?" Usimtangulizie jina lolote. Na usimuulize mbele ya watu.

Ngosha_wa_Isamilo

Dokta, bado sijakubaliana na wewe yote. Ila nimeisoma tena hiyo sehemu ya mlango kufungwa na kukaa kitako. Baba yangu angekaa. Alikuwa mtu wa kuuliza sana maswali yule. Binti wa Kondoa muulize mama.

binti_wa_Kondoa

Nimerudi wakuu. Nimemuuliza jana jioni tunachambua mchele, tuko wawili tu. Aliendelea kuchambua kama hajasikia, nikadhani nimeharibu. Baadae akasema anataka kuambiwa yeye, na awepo mama mdogo, yule mdogo wake wa Babati. Nikasubiri anitaje na mimi. Akasema "wewe utakaa nje, we ukilia mi nitashindwa kumsikia daktari".

Kwa hiyo jumatatu natafuta nauli ya mama mdogo, na majibu yakitoka nitakaa kwenye benchi.